Ngome Tano Kabla ya Nasra

Jumatatu, 6 Januari

Vidonge saba. Cha presha, cha moyo, cha kutoa maji mwilini, na vinne ambavyo sijui tena ni vya nini. Mjukuu wangu Ilham kanifunga kile kitambaa mkononi, mashine ikavuma, kaandika nambari kwenye daftari lake. Hakunisomea. Siku hizi hawanisomei.

Juzi daktari alizungumza na Talib kwa Kiarabu mbele yangu, kama vile mimi ni kabati. Moyo umechoka, hakuna la kufanya ila kuupumzisha. Nimefundisha Kiarabu miaka ishirini na saba. Nilisikia kila neno.

Basi. Nimemwambia Talib nataka kwenda Sur kumwona Nasra. Nasra ni mdogo wangu, tumebaki sisi wawili tu. Ombi langu jepesi: nipandishe gari, nipeleke, nishushe. Kutoka hapa Nizwa ni saa nne na kitu.

Talib ni mwanangu wa pekee. Amestaafu wizarani ana miaka hamsini na miwili na hajui mikono yake aiweke wapi. Uso ukamnawiri. "Mama, tutaifanya siku nzima! Tutapita husun zote!" Husun, yaani ngome. Ndiyo maradhi aliyoyapata baada ya kustaafu. Jioni kaniletea karatasi. Ngome saba, na saa ya kila moja imeandikwa pembeni.

Sitaki ngome. Nataka Nasra, peke yake, mlango umefungwa. Nina jambo la kumwambia na nimelichelewesha miaka hamsini. Siwezi kumweleza Talib kwa nini nina haraka, maana yeye mwenyewe yumo ndani ya jambo hilo.

Nimechoka na karatasi zake.

Jumatano, 8 Januari

Niliandike leo, niache kulizunguka.

Nilisema uongo juu ya ziwa la mama yetu.

Tulikuwa bado wageni huku, tumetoka Unguja na masanduku mawili, tumepokelewa Ibra na watu wa kabila letu. Seif alimposa Nasra. Seif wa Mkunazini, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, naye kaja huku kama sisi. Wakipendana, kila mtu anaona. Lakini watu wa huku hawaozeshi mpaka waulize: hawa walinyonya ziwa moja? Na swali lilikuwa la haki. Seif alipozaliwa mamake alishikwa na homa ya uzazi, na mama yangu alimchukua yule mtoto kwetu wiki tatu. Nasra alikuwa mchanga, mama ana maziwa tele. Kama alimnyonyesha, basi Seif na Nasra ni ndugu, na ndugu hawaoani.

Mama alikwisha kufa. Mamake Seif alikwisha kufa. Aliyebaki wa kuulizwa nilikuwa mimi, niliyekuwa na miaka minane wakati wa homa ile.

Shekhe alikaa ukumbini, mimi nyuma ya pazia. Aliniuliza kwa upole. Nikasema ndiyo, alimnyonyesha.

Hakumnyonyesha. Alimpa maziwa ya mbuzi kwa kikombe cha kahawa, tone kwa tone, na kikombe nilikishika mimi. Mama hata akisema: huyu wa watu, nisije nikawafungia watoto mlango wao. Alilifikiria tangu siku ile. Mlango nikaja kuufunga mimi.

Kwa nini? Miaka mingi nimejipa sababu za heshima. Seif hana kazi. Seif mkali. Porojo. Sababu ni moja. Nilikuwa nimepewa darasa langu la kwanza, mume wangu yuko Kuwait, Talib ana miezi mitano, na anayekaa na Talib ni Nasra. Akiolewa, mimi nirudi jikoni. Nilitaka mlezi. Ndiyo yote.

Nasra alilia siku tatu. Ya nne akafunga kibwebwe akamwogesha Talib.

Alhamisi, 9 Januari

Nimepigania karatasi. Saba zimekuwa tano. Talib kakata mbili kwa uchungu wa mtu anayekatwa vidole.

Ilham kaja kunifungia mkoba. "Bibi, kiti chako ya magurudumu nimeweka nyuma, na halua ya Khalti Nasra nimenunua kubwa." “Kiti ya”, wala si “cha”! Nimemsahihisha. Kasema "sawa, abla", yaani mwalimu, kanibusu kichwani. Ana miaka ishirini na minne na hanisikii.

Usiku sikuandika. Naongeza sasa asubuhi: nimejizoeza maneno mbele ya kioo kama mwalimu wa majaribio. Kila mara naishia kwenye "Nasra, sikiliza." Baada ya hapo kioo kinanitazama tu.

Jambo lililonitesa zaidi nilikuwa sijaliandika. Nasra aliolewa Sur akiwa mtu mzima, na mwanamume aliyefiwa na mke, asiye na mtoto, aliyekuwa akifanya kazi pamoja na Seif. Seif ndiye aliyemleta. Mume akafa. Mke wa Seif naye akafa. Sasa kila asubuhi Seif anakwenda kwa Nasra kunywa kahawa. Nasra anamkalia kichwa wazi. Macho yake yana ugonjwa wa presha, na Seif ndiye anayemtia matone, kwa sababu mikono ya Nasra inatetemeka. Hayo yote ni halali kwa ndugu. Wao ni ndugu kwa neno langu.

Nikisema kweli, namrudishia nini? Na namnyang'anya nini?

Nitasema hivyohivyo. Siwezi kwenda kaburini na ziwa la mama yangu mdomoni.

Jumamosi, 11 Januari

Saa moja asubuhi. Garini, chini ya ngome ya Nizwa.

Naandika kwa sababu sina kazi nyingine. Ngome hii nimeiona kila nilipokwenda sokoni kununua samaki, tangu nywele zangu nyeusi. Iko dakika kumi kutoka nyumbani. Talib kasema safari haianzi katikati. Yeye na Ilham wamepanda juu kupigana picha. Wamenipungia mkono. Nimewapungia. Moja.

Saa mbili u nusu. Izki.

Ngome na mtaa wa zamani wa udongo, kuta zimebaki kama meno ya mzee. Talib ananisomea kibao, ingawa kibao nakiona. Kanitoa kwenye gari kwa nguvu za mapenzi. "Gusa ukuta, Mama. Gusa, tarikhi hii!" Nikamwambia tarikhi ninayo magotini. Ilham kacheka hata simu ikamwanguka kwenye falaji, mfereji wa maji. Robo saa ya kuitoa, robo saa ya kuikausha kwa mtandio wangu. Mbili.

Saa nne. Bidbid.

Hapa ndipo inapochomoza njia ya Ibra na Sur. Nilidhani tutapinda. Hatukupinda. Ngome. Ndogo, imepakwa vizuri, haina kosa, na bado nimeichukia. Kisha chai ya maziwa. Kisha Ilham akataka mkate wa jibini na asali. Kisha gurudumu likataka upepo.

Nasra kapiga simu. Ameamka alfajiri kupika wali na samaki wa nazi, tumefika wapi? Talib kamwambia, "Karibu, Mamdogo, karibu sana." Tuko Bidbid! Hata nusu ya njia hatujaimaliza. Kautoa ule uongo bila kupepesa jicho. Nimemtazama. Najua kaupata wapi.

Nilimwuliza tutafika saa ngapi. "Mama, Mamdogo hakimbii na Sur haihami." Tatu.

Saa saba. Ibra.

Tumesali adhuhuri. Talib katupeleka kwenye majumba ya zamani, yale ya matajiri waliokuwa wakenda Afrika, milango ya kuchonga, dari zimeingia ndani. Kasema hizi si ngome, ni nyumba, kwa hiyo hazimo katika hesabu. Sikujua kama kuna hesabu ndani ya hesabu.

Ilham kauliza wenyewe walikwenda wapi. Nikamwambia Unguja. Kauliza mbona walirudi. Nikamwambia muulize baba yako, ana karatasi.

Talib ananisukuma, anageuka kushoto, anageuka kulia, anatafuta mlango mzuri wa picha. Akaupata. Nikaujua kabla hajasimama. Mlango wa baraza la yule shekhe. Pazia lilikuwa upande wa kushoto, nyumba sasa haina hata paa.

"Hapa, Mama. Kaa hapohapo. Tabasamu basi!"

Nilitabasamu. Picha imo kwenye simu yake. Kaituma kwa Nasra papo hapo. Nilitaka kuilaani ile simu, nikailaani nafsi yangu, ndiyo haki zaidi.

Saa kumi kasorobo. Jalan Bani Bu Hassan.

Leo nimepiga kelele. Niliandike kama lilivyokuwa.

Tumeiacha njia ya Sur tukapinda kuja huku kwa ajili ya ngome ya nne. Mlango umefungwa mpaka baada ya alasiri. Mtu mwingine angegeuza gari. Talib kazima moto, kashusha kioo, kasema tutangoja. Kachukua tende. Ilham kalala. Joto, nzi, na saa inakwenda. Nasra kapiga tena, wali umepoa, anaupasha. Talib kasema "karibu".

Nikamwambia, "Talib! Mimi nakufa, na wewe unangojea mlango wa watu waliokufa zamani!"

Sikuwahi kulisema neno hilo mbele yao. Ilham akaamka akaanza kulia. Talib hakugeuka. Alikaa ameshika usukani, gari limezimwa.

"Nalijua, Mama," akasema. "Daktari kaniambia. Ndiyo maana naivuta siku. Nikikufikisha Sur, safari imekwisha."

Mlango ulipofunguliwa niliwaambia wanisukume ndani. Nilisikiliza kila kibao. Nne.

Saa kumi na moja u nusu. Sur.

Ngome ya tano iko juu ya kilima, mji wote chini yake, minara, hori, daraja la kamba za chuma. Talib kasema tuipite tu, si lazima tusimame. Nikamwambia simama, piga picha yako. Karibu alie. Hasira zangu zote zimekwenda wapi? Zimerudi dakika tano baadaye, alipoanza kutafuta pembe ya jua.

Kwa Nasra tumefika magharibi inaadhiniwa. Kasimama mlangoni, mwiko mkononi. "Da Zuwena! Mmekuja kwa punda?" Kanikumbatia. Mifupa mitupu sote wawili. Tumekula wali uliopashwa mara tatu. Mtamu.

Seif alikuwapo. Nywele nyeupe zote, mgongo bado umenyooka. Kaniamkia, kanitania: "Mwalimu, umekuja kutukagua?" Kisha akanawa mikono, akainamisha kichwa cha Nasra nyuma, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akatia tone. Jicho la kulia. Jicho la kushoto. Akampa kitambaa. Wala hawakukatiza mazungumzo yao ya bei ya jodari.

Nikaona nilichokuja kukivunja.

Jumapili, 12 Januari

Asubuhi.

Talib na Ilham wameondoka kabla ya alfajiri kwenda pwani kutazama kasa wanaorudi baharini. Mungu awape kasa wengi. Tumebaki wawili, kahawa katikati.

Nimesema. Nililizunguka kidogo, kisha nikasema kama nilivyoandika juu, maziwa ya mbuzi, kikombe, shekhe, pazia, darasa langu, Talib. Sikujitetea.

Nasra hakunitazama. Alikuwa akimenya chungwa. Alilimenya mpaka mwisho, akalipanga pande kwenye sahani.

"Ungekufa nalo, Dada."

Hilo ndilo alilosema. Nikamwambia siwezi, ni dhambi. Akasema, "Ya nani? Ilikuwa yako. Sasa umenigawia."

Nikafanya ujinga. Nikamwambia hakuna kizuizi sasa, nyote mmefiwa, mnaweza kuoana. Hapo ndipo alipoinua macho.

"Niolewe na ndugu yangu? Da Zuwena, mimi nimemvisha kilemba siku ya harusi yake. Nimemwosha mkewe kwa mikono hii. Miaka hamsini nimeusomesha moyo wangu kwamba yule ndugu yangu, na ukasoma, ukafaulu. Leo unakuja kuufelisha?"

Halafu akasema pole pole kwamba mwaka ule, siku ile ya nne, aliapa asinune mbele yangu, kwa sababu alifikiri na mimi naumia kwa ajili yake. Alinihurumia. Mimi! Hilo limenipiga kuliko matusi.

Mlangoni: "Hodi, Nasra." Ni Seif, na mkate wake. Mlango haujafungwa, huingia tu. Nasra akanyanyuka haraka, akavuta kanga iliyokuwa kwenye kiti, akajifunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Seif akasimama katikati ya mlango. Akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Kuna mgeni?"

"Hakuna," akasema Nasra. "Leo matone atanitia Ilham."

Seif akauweka mkate juu ya meza. Akaondoka kinyumenyume, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Kahawa yake imebaki birikani.

Jioni. Nizwa.

Talib aliuliza tumekosana nini, mbona Nasra hakutoka mpaka kwenye gari. Ilham kalala nyuma, masikioni kajitia vile vidubwasha vyake. Nikamwambia. Yote, na yeye alimokuwamo.

Talib aliongeza mwendo. Al-Kamil tumeipita. Ibra tumeipita. Bidbid tumepinda bila kuangalia ngome. Izki kama haipo. Saa tatu na dakika hamsini, hatukusimama hata kwa maji.

Nilitamani asimame. Popote. Hata kwa gofu la banda la kuku.

Jumatatu, 13 Januari

Nimempigia Nasra mara nne. Hapokei.

Talib kaja kunipa salamu, kanibusu mkono, kasimama mlangoni. "Mamdogo ndiye aliyenifundisha kutembea?" Nikasema ndiyo. "Na kusoma?" Kusoma pia, jioni nilikuwa nasahihisha madaftari. Kaitikia kwa kichwa, kaenda zake. Nimesikia gari linatoka.

Vidonge saba.

Jumatano, 15 Januari

Hapokei. Nimekasirika. Ndiyo, mimi! Nimekasirika kwa sababu nimetubu na hakuna aliyenishukuru. Nimeliandika ili nilione lilivyo baya. Nilidhani kukiri ni kutua mzigo. Nimeutua juu ya mguu wa mtu.

Ilham kamwuliza babake mbona ngome za wikiendi hii hazimo kwenye karatasi. Kamwambia, "Zimejaa." Ngome zimejaa! Kwa siku nyingine ningecheka.

Miguu imevimba tena. Ilham kaiona, kaandika kwenye daftari. Safari hii kanisomea nambari. Si nzuri. Nimemshukuru kwa kunisomea.

Alhamisi, 16 Januari

Seif kapiga simu. Si Nasra, Seif. Ilham kanishikia simu sikioni.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema Nasra kamweleza juzi, kwa sauti, kutoka ndani ya ukumbi, Seif amekaa kwenye kiti nje ya mlango. Siku tatu sasa wanakunywa kahawa hivyo. Kikombe Nasra anakisukuma kwenye kizingiti, Seif anakiokota. Matone anamtia mke wa jirani, na hajui, anamwagia shavuni.

Kauliza swali moja. "Mwalimu, mama yako alikuwa akiniita nani?" Nikamwambia: alikuwa akikuita "wa watu". Kisha, ulipoacha kulia, akikuita Seif. Kasema, "Ahsante. Hilo nilikuwa silijui." Kakata.

Ijumaa, 17 Januari

Baada ya sala Nasra kapiga. Hakuniamkia, nami sikumdai.

Kasema anataka karatasi. Niandike nililomwambia, kwa jina langu kamili na la baba na la babu, na sahihi, na shahidi, ili ipelekwe kwa kadhi wa Sur. Mji wote unawajua yeye na Seif kuwa ni ndugu wa ziwa moja. Bila neno langu hakuna atakayeamini kuwa si ndugu. Nikamwambia watu watajua kuwa Mwalimu Zuwena alisema uongo mbele ya shekhe. Kasema, "Watajua."

Hakuniambia karatasi ni ya kufanyia nini. Sikumwuliza. Si haki yangu tena kuuliza.

"Andika mbili," kasema. "Moja ya kadhi, moja ya Seif."

"Na yako?"

"Mimi nilikusikia."

Kisha kauliza kama miguu imepungua. Nimesema kidogo. Kasema niiweke juu ya mto. Simu ikakatika, au kaikata.

Nimeandika kwa Kiarabu, kisha nikaandika tena chini yake kwa Kiswahili, ili asibaki mtu wa kusema hakufahamu. Karatasi ikawa inanikimbia. Talib alikuja akakaa kando yangu, akaikandamiza karatasi juu ya meza kwa viganja vyake viwili ili isisogee. Alisoma kila mstari nilipokuwa nauandika. Alipofika kwenye jina lake alisoma hilo pia.

Nimetia sahihi. Kachukua kalamu, katia yake, shahidi.

Bado nakala ya pili. Kaiweka karatasi nyeupe mbele yangu, kaishika.